Mvua ya Kibirizi na hesabu ya majirani

Mwanikaji wa dagaa hana adui kama mvua ya mchana. Dagaa walioanikwa asubuhi, wakiwa wamekauka nusu, wakinyeshewa hata kidogo hulainika na kubadilika rangi, na kufika jioni wameanza kunuka. Mimi nimekulia kwenye vichanja vya Kibirizi, Kigoma, karibu na pale zinapoondokea boti za kwenda Gombe. Picha ya utotoni isiyonitoka ni ya kina mama wakikimbia, kanga zimekazwa viunoni na turubai mikononi, kila mtu akiwahi kuanua au kufunika kabla mvua haijakolea.

Mtu kufunika kichanja chake halikuwa jambo la kunishangaza. Lililonishangaza ni kufunika cha mwenzake. Mama alikuwa akimaliza cha kwetu anakimbilia cha jirani aliyekwenda soko la Mwanga, na jirani naye alifanya vivyo hivyo siku ambayo mama alikuwa kliniki na mdogo wangu. Halafu alikuwepo mmoja ambaye hakuwahi kugusa turubai la mtu. Dagaa wake walifunikwa na wenzake. Wa wenzake walilowa akiwatazama. Siku moja nikamuuliza mama kwa nini tunamfunikia. Akaniambia, "Shika hiyo ncha kwanza." Mvua ilipokatika, swali langu lilikuwa limeshapita.

Leo nafundisha hesabu sekondari, na swali lile limenirudia kwa mlango mwingine. Lipo tawi zima la hesabu, liitwalo nadharia ya michezo ya mageuko, linaloliuliza: inakuwaje wema wa kumgharimu mtu uendelee kuwepo, wakati mkwepaji anavuna bila kupanda? Jibu ninalotaka kulieleza hapa lina uzito kuliko linavyoonekana mwanzoni: tamaa ikiwa ileile na faida ikiwa ileile, matokeo hubadilika kabisa kutegemea nani anakutana na nani.

Mtego wenyewe

Tuweke namba. Kumfunikia jirani kunakugharimu kitu: muda, jasho, na dagaa wako wachache watakaolowa ukiwa huko. Tuseme gharama hiyo ni ndoo 1. Jirani aliyefunikiwa anaokoa ndoo 5. Mkisaidiana, kila mmoja anabaki na faida ya ndoo 4. Msiposaidiana, hakuna anayepata kitu, yaani 0. Mmoja akisaidia na mwenzake akakwepa, aliyesaidia anapoteza 1 na mkwepaji anaondoka na 5 kamili.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mmoja wao. Jirani akisaidia, wewe ukikwepa unapata 5 badala ya 4. Jirani akikwepa, wewe ukikwepa unapata 0 badala ya kupoteza 1. Afanye lolote, kukwepa kunakulipa ndoo moja zaidi. Naye anapiga hesabu hiyohiyo, mwisho wote wawili mnaishia kwenye 0 wakati 4 ilikuwa mkononi mwenu.

Mtego huu unaitwa mtanziko wa mfungwa. Merrill Flood na Melvin Dresher waliuchora kama mchezo mwaka 1950 wakiwa katika shirika la RAND huko California, na hadithi ya wafungwa wawili wanaohojiwa katika vyumba tofauti ikatungwa muda mfupi baadaye na Albert Tucker. Hiyo ndiyo nadharia ya michezo ya kawaida, ile inayomchukulia mchezaji kuwa mtu anayekaa chini na kupiga hesabu.

Mwaka 1973 John Maynard Smith, Mwingereza aliyeanza kazi kama mhandisi wa ndege kabla ya kugeukia baiolojia, pamoja na George Price, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, walichapisha katika jarida la Nature makala iliyomwondoa huyo mpiga hesabu mezani. Walisema mchezaji si lazima afikiri. Anaweza kuwa ndege, mdudu au bakteria. Mkakati ni tabia aliyozaliwa nayo, na mapato hayahesabiwi kwa pesa, yanahesabiwa kwa watoto anaowaacha. Tabia inayolipa inaongezeka katika kizazi kijacho, isiyolipa inapungua. Hii ndiyo nadharia ya michezo ya mageuko. Kwa binadamu tunaweza kuweka kuiga mahali pa kuzaa: tabia ya aliyefanikiwa inaigwa, ya aliyeshindwa inaachwa.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua uko humu humu ziwani kwetu. Katika Ziwa Tanganyika kuna samaki anayeitwa na wataalamu Perissodus microlepis, ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wenzake. Humvizia windo kwa nyuma, akamnyofoa magamba ubavuni na kukimbia. Baadhi yao wamezaliwa na mdomo uliopindia kulia, hao hushambulia ubavu wa kushoto. Wengine mdomo umepindia kushoto, nao hushambulia ubavu wa kulia. Mtafiti Mjapani Michio Hori alionyesha katika jarida la Science mwaka 1993 kwamba aina hizi mbili zinapishana kwa zamu. Wakizidi wa mdomo wa kulia, mawindo huzoea kuchunga ubavu wa kushoto, na hapo walio wachache, wenye mdomo wa kushoto, ndio wanaoshiba. Wakishiba wanazaa, wanakuwa wengi, na mawindo yanahamisha macho upande wa pili. Uwiano unayumba kuzunguka nusu kwa nusu, na hakuna samaki hata mmoja aliyewahi kupiga hesabu. Kila nikipita gati nikiona samaki wa Tanganyika mezani kwa muuzaji, hukumbuka kwamba somo gumu kama hili limeandikwa kwenye midomo ya samaki wa ziwa letu.

Sufuria inayokorogwa

Hesabu za mwanzo za nadharia hii zilikuwa na dhana moja iliyojificha. Zilichukulia kwamba yeyote anaweza kukutana na yeyote, kwa bahati nasibu, kama maharage ndani ya sufuria inayokorogwa mfululizo. Ndani ya sufuria hiyo, mtoaji, yaani anayesaidia, na mkwepaji wote wanakutana na mchanganyiko uleule wa watu. Wote wanapokea misaada sawa kwa wastani. Tofauti yao inabaki moja tu: mtoaji analipa gharama, mkwepaji halipi. Kwa hiyo mkwepaji yuko mbele daima, anaigwa daima, na watoaji wanapungua mpaka wanaisha.

Lakini Kibirizi hapakorogwi. Kichanja kimechimbiwa ardhini, leo na kesho jirani yako ni yuleyule. Mvua ikinyesha humkimbilii mtu wa Ujiji. Unamkimbilia wa kulia kwako na wa kushoto kwako. Na unapotaka kujua ni ujanja upi unaolipa, unachungulia kwa haohao.

Mwaka 1992 Martin Nowak na Robert May, wakiwa Oxford, waliichukua hoja hii wakaiweka kwenye kompyuta. Walichora uwanja wa visanduku, kila kisanduku mchezaji mmoja, na kila mchezaji anacheza na majirani wanaomgusa tu. Baada ya kila duru mchezaji anatazama majirani zake na yeye mwenyewe, kisha anaiga tabia ya aliyepata zaidi. Hakuna kumbukumbu, hakuna kisasi, hakuna hotuba wala adhabu. Hata hivyo watoaji hawakuisha.

Jambo hili ni rahisi kulifanya mwenyewe kwa penseli na karatasi ya grafu, na ninakusihi ulifanye, maana kusoma tu hakuingii kama kuona. Jaza karatasi yote watoaji, kisha katikati weka mkwepaji mmoja. Kila kisanduku kina majirani 8. Mtoaji akikutana na mtoaji, kila mmoja anapata 1. Mkwepaji akikutana na mtoaji, mkwepaji anapata 1.5 na mtoaji anatoka mikono mitupu. Wakwepaji wawili wakikutana hakuna anayepata kitu.

Duru ya kwanza: mkwepaji wetu amezungukwa na watoaji 8, anavuna 8 mara 1.5, yaani 12. Mtoaji aliye mbali naye anapata 8. Mtoaji anayemgusa anapata 7, maana mmoja wa majirani zake hampi kitu. Wale wanane wanaomgusa wanatazama huku na huku, wanaona 12, wanaiga. Sasa una kitongoji cha wakwepaji 9, tatu kwa tatu.

Duru ya pili ndiyo tamu. Yule wa katikati, aliyeanzisha yote, sasa amezungukwa na wakwepaji wenzake na anapata 0. Wale walio katikati ya kila upande wanagusa watoaji watatu tu, wanapata 4.5. Walio kwenye pembe wanagusa watoaji watano, wanapata 7.5. Na watoaji walio hatua moja nyuma ya mpaka, ambao hawagusi mkwepaji yeyote, wanapata 8. Mtoaji aliye mpakani akitazama upande mmoja anaona 7.5 na upande wa pili anaona 8. Anabaki mtoaji. Mkwepaji wa pembeni anaona watoaji wa mpakani wana 7 kwa kuzidi, yeye ana 7.5, naye habadiliki. Kitongoji kimeganda. Kitabaki visanduku tisa duru ya mia na duru ya elfu.

Nililifanya zoezi hili darasani kwa punje za mahindi na kokoto, na kijana mmoja wa kidato cha tatu aliyekaa nyuma akasema kwa sauti, "Mwalimu, wamekula malisho yao wenyewe." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Mkwepaji anaishi kwa watoaji, na mahali ambapo watu wanacheza na majirani tu, anawamaliza wale anaowategemea kwa kuwafanya wafanane naye. Watoaji kwa upande wao wakikaa pamoja wanalishana. Ndani ya sufuria inayokorogwa, mkwepaji angepata malisho mapya kila siku.

Ukipandisha ujira wa kukwepa hadi 1.7, pembe zinapata 8.5, zinaipita 8, na kitongoji kinaanza kutanuka kupitia pembe zake. Kizingiti ni 1.6, yaani 8 gawanya kwa 5. Nowak na May, katika kanuni yao ambayo kila kisanduku kilicheza na chenyewe pia, waliona kwamba ujira ukiwa kati ya 1.8 na 2 uwanja hautulii kamwe. Watoaji na wakwepaji hufukuzana bila kikomo, na ukianza na mkwepaji mmoja katikati, michoro inayojitokeza ina ulinganifu kama nakshi za mkeka wa ukindu, ikibadilika kila duru. Pamoja na vurugu hiyo, sehemu ya watoaji hukaa karibu na asilimia 32.

Kengele ambayo haipo

Hapa mtu makini atauliza: je, si ujanja wa kompyuta tu? Bernardo Huberman na Natalie Glance waliuliza hivyohivyo mwaka 1993, na jibu lao linastahili heshima. Katika uwanja wa Nowak na May, wachezaji wote hubadilika kwa wakati mmoja, kama wanafunzi wanaosikia kengele. Huberman na Glance wakaondoa kengele, wakaruhusu kila mchezaji abadilike kwa wakati wake. Katika mazingira yaleyale waliyoyajaribu, nakshi ilifutika na wakwepaji wakatawala uwanja mzima.

Kibirizi nako hakuna kengele. Lakini ukiirudia karatasi yetu ya 1.5 na kumruhusu kila mmoja abadilike kwa wakati wake, bado utakuta mkwepaji aliyezungukwa na wakwepaji hana cha kuvuna, na watoaji waliokaa pamoja bado wanalishana. Somo ni kwamba ujirani una nguvu, ila nguvu hiyo ina mipaka inayotegemea ukubwa wa kishawishi na namna watu wanavyoigana. Makala nyingi za kurahisisha jambo hili hurukia "majirani huleta ushirikiano" na kuishia hapo, nami naona huko ni kumpotosha msomaji.

Idadi ya majirani

Kanuni ninayoipenda kuliko zote katika somo hili ilichapishwa mwaka 2006 na Hisashi Ohtsuki, Christoph Hauert, Erez Lieberman na Nowak. Tuirudie ndoo yetu: gharama 1, faida 5. Tuseme mtoaji humsaidia kila jirani yake, na kwa kila mmoja analipa gharama. Swali: watoaji watastawi lini? Jibu lao linaenea kwenye kiganja: faida ukiigawanya kwa gharama, jibu liwe kubwa kuliko idadi ya majirani wa kila mtu.

Kwetu sisi, 5 gawanya kwa 1 ni 5. Vichanja vikipangwa kwa mstari mmoja kufuata ufukwe, kila mwanikaji ana majirani wawili. 5 ni zaidi ya 2, wema unastawi. Vichanja hivyohivyo vikipangwa kwa safu nyingi kama viti vya ukumbini, kila mtu akagusana na wanane, 5 ni pungufu ya 8, na wema unadidimia. Watu ni walewale, dagaa ni walewale, mvua ni ileile.

Kwa nini idadi ya majirani? Fikiria nafasi moja imeachwa wazi: mwanikaji mmoja amehama, na anayekuja ataiga mmoja wa majirani wa nafasi ile, akivutiwa zaidi na waliofanikiwa. Upande mmoja kuna mtoaji, upande mwingine mkwepaji, wote wanashindania kuigwa. Mtoaji amelipa gharama kwa kila jirani wake. Wakiwa wanane, amelipa mara nane. Amepata nini ambacho mkwepaji hana? Kwa sababu tabia husambaa kwa kuiga wa karibu, watoaji hujikuta karibu na watoaji. Hesabu inaonyesha kwamba faida hiyo ya ujirani ni ndogo kuliko unavyodhani: kwa wastani, mtoaji ana jirani mtoaji mmoja tu zaidi ya wale alionao mkwepaji. Mmoja, majirani wawe wawili au wawe wanane. Basi anapokea faida moja ya ziada, analipa gharama nyingi kadiri ya majirani. Faida moja ikizidi gharama zote hizo, anasonga mbele.

Kanuni hii ina masharti yake. Jamii iwe kubwa kulinganisha na idadi ya majirani, na mapato ya mchezo huu yawe ni sehemu ndogo tu ya mambo yanayoamua nani aigwe. Na zaidi ya yote, mpangilio wa kuiga uwe kama nilivyoueleza: nafasi inaachwa wazi kwanza, kisha majirani wanaishindania. Ukigeuza, aliyefanikiwa akachaguliwa kwanza kutoka jamii nzima kisha akasukuma tabia yake kwa jirani yeyote, watoaji hawasaidiki tena. Badiliko dogo la namna hiyo linaweza kuonekana kama jambo la vitabuni, lakini ndilo linaloamua kila kitu.

Kuna mchezo mwingine ambao ujirani unaweza hata kuuharibu. Boti imekwama mchangani, na wenyewe ni wawili. Mmoja akigoma kusukuma, mwenzake bado ni afadhali asukume peke yake kuliko wote kulala njaa. Katika mchezo huu, lililo bora kwako ni kufanya kinyume cha mwenzako: akisukuma wewe tegea, akitegea wewe sukuma. Hauert na Michael Doebeli walionyesha mwaka 2004 kwamba ukiuweka mchezo wa aina hii kwenye uwanja wa visanduku, mara nyingi wasukumaji hupungua kuliko katika sufuria inayokorogwa. Sababu inaeleweka: kuiga jirani hukufanya ufanane naye, wakati mchezo wenyewe unamlipa anayetofautiana.

Sahani na chupa

Ushahidi wa maabara unaonigusa zaidi ni wa bakteria. Mwaka 2002 Benjamin Kerr na wenzake walichukua aina tatu za E. coli. Ya kwanza hutoa sumu. Ya pili huuawa na sumu hiyo, lakini hukua haraka. Ya tatu ni sugu kwa sumu, haitoi sumu, na mwendo wake wa kukua uko katikati. Kwa hiyo kila moja ina inayoishinda na inayoshindwa nayo: ya sumu inaiua ya pili, sugu inaizidi mbio ya sumu, na ya pili inaizidi mbio sugu.

Walipoziweka ndani ya chupa yenye maji ya chakula, ikitikiswa, aina moja tu ilibaki, ile sugu. Walipoziweka juu ya sahani, zikakua mahali zilipo na kugusana na jirani tu, zote tatu ziliendelea kuishi pamoja, mipaka yao ikisogea kila siku. Walipochukua sahani hizohizo na kuzichanganya kila walipohamisha, hali ikawa kama ya chupa. Viumbe walewale, chakula kilekile. Kilichobadilika ni kukorogwa.

Nikitafakari hili huwa nageuka kulitazama ziwa. Wavuvi wetu ni majirani, wanajuana kwa majina na kwa taa zao usiku. Dagaa wenyewe hawana ujirani. Wanahama na maji, leo wako mbele ya Kigoma, kesho kwingine. Mtu akivuta kokoro na kuzoa vifaranga, hasara haibaki kwa jirani aliyemwona. Inatawanyika hadi Burundi, Kongo na Zambia. Kwa ndoo ya ufukweni ujirani unafanya kazi, kwa sababu kinachotolewa kinabaki karibu. Kwa samaki walio majini, sufuria inakorogwa na ziwa lenyewe, na hapo hakuna mpangilio wa vichanja utakaosaidia. Ndiyo maana sikushangaa uvuvi uliposimamishwa upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, katika mpango wa pamoja wa nchi zinazolizunguka ziwa. Iliwaumiza watu ninaowajua, na nisingependa ionekane kwamba ninaipuuza njaa ile. Ila kihesabu, jambo ambalo hasara yake inafika nchi nne haliwezi kulindwa na majirani wawili.

Na binadamu je?

Binadamu wamejaribiwa, na matokeo hayakuja jinsi kompyuta ilivyotabiri. Mwaka 2012 watafiti wa Zaragoza huko Hispania walitangaza jaribio la watu 1,229 waliocheza mtanziko wa mfungwa kwa wakati mmoja. Baadhi walipangwa kwenye gridi, wengine kwenye mtandao ambao watu wachache wana majirani wengi sana na waliobaki wana wachache. Nadharia ilitarajia tofauti. Haikuwepo: ushirikiano ulishuka kwa namna ileile pande zote mbili.

Chanzo kilionekana walipochunguza uamuzi wa mtu mmoja mmoja. Watu hawakuwa wakimwiga jirani aliyepata zaidi. Walikuwa wakitazama majirani wangapi wamesaidia duru iliyopita, na pia wao wenyewe walifanya nini. Aliyekuwa amesaidia, akiona wengi wamesaidia, alisaidia tena. Aliyekwepa jana alielekea kukwepa na leo. Huu ni moyo wa mtu, si kikokotozi. Baadaye, mwaka 2014, David Rand na wenzake walionyesha kwamba hata kwa watu halisi mtandao usiobadilika unaweza kudumisha ushirikiano, ikiwa faida kwa gharama inazidi idadi ya majirani, kama kanuni ya 2006 ilivyosema. Kwa hiyo kanuni haikuzikwa Zaragoza, ila inahitaji namba ziwe upande wake.

Matokeo ninayoyaona karibu zaidi na Kibirizi ni ya mwaka 2011, ya Rand huyohuyo na Samuel Arbesman na Nicholas Christakis. Waliwapa wachezaji ruhusa ya kukata uhusiano na jirani na kufunga mwingine. Ruhusa ilipokuwa ya mara kwa mara, ushirikiano ulidumu juu. Ilipokuwa ya nadra, au uhusiano ulipochanganywa kwa bahati nasibu, ulishuka. Punje ya mahindi kwenye karatasi yangu ya grafu haiwezi kuhama. Mtu anaweza.

Na kina mama walihama. Mwaka mmoja vichanja vyetu vilioza miguu vikajengwa upya, na nikiwa mtoto wa kubeba miti niliona jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Hakukuwa na kikao wala ugomvi. Waliokuwa wakifunikiana walichimbia nguzo zao karibu karibu, kwa mstari unaofuata maji. Yule mama ambaye hakuwahi kugusa turubai la mtu alijikuta mwisho wa mstari, kando ya njia, na jirani mmoja tu. Jirani huyo alikuwa mama yangu.

Mvua ya kwanza ilipokuja tulifunika cha kwetu, mama akarukia cha yule jirani kama zamani. Ya pili mama alikuwa amekwenda Ujiji msibani, mimi nikabaki peke yangu na turubai kubwa kuliko kimo changu, upepo ukilipiga. Nililikamata upande mmoja, na upande wa pili ukainuka kabla sijaufikia. Nilipotazama, yule mama alikuwa ameshika ncha.